Vilima vya Kwenye Ngumi ya Mama

Siwezi kukaa. Daktari aliniambia nilipumzishe goti, nikamwitikia ndiyo daktari, nikatoka nikapanda mlima kwa mguu mpaka nyumbani Musinzira, hapa Gitega. Ndivyo nilivyo. Hata haya nayaandika nimesimama, karatasi iko juu ya meza ya kazi katikati ya vipande vya shaba, na kila baada ya mistari michache naacha kalamu nagonga kidogo halafu narudi. Kwa hiyo mtanisamehe maneno yakirukaruka. Shule niliishia darasa la tatu kule Tanzania, na hilo la tatu lenyewe sikulimaliza, maana mdogo wangu alizaliwa na wa kumbeba alikuwa mimi.

Huyo mdogo wangu ndiye mwenye binti, na habari yenyewe ni ya bangili ya huyo binti.

Msichana alikuwa ameposwa. Mahari ilikuwa inaletwa siku ya Jumamosi nyumbani kwao Muyinga, na mimi shangazi yake nilikuwa nimetoa ahadi mbele za watu kwamba siku hiyo atavaa vilima vya kwetu mkononi, vimekatwa kwenye shaba ya njano. Na mdogo wangu alikuwa na haja yake. Tangu turudi amejenga pale kwa baba, amelima, amezika mtoto pale, na bado neno dogo likizuka kwenye pombe anaitwa mtu wa Tanzania. Alinipigia simu akasema, "Dada, watu wa pande zote mbili wauone mkono wa mwanangu. Waone anatolewa kilima gani. Labda wataacha kuniuliza nimetoka wapi."

Nikamwambia asiwe na wasiwasi. Vilima vile nimevikata mara ngapi? Nikifumba macho, mkono unakwenda wenyewe.

Ngoja nieleze hizi bangili kwanza. Nachukua sinia kuukuu la shaba, yale masinia makubwa ya familia za Kiislamu hapa mjini, ambayo vijana wao hawayataki tena. Nakata ukanda wa upana wa vidole viwili. Upande wa chini nauacha umenyooka, upande wa juu naukata kwa msumeno mwembamba kama uzi, ukifuata mgongo wa vilima, kupanda na kushuka. Kisha nakwaruza mistari ya mashamba, nasugua udongo mwekundu na gundi ndani ya mikwaruzo, nautia ukanda motoni ulainike, halafu naupinda uwe duara. Natengeneza na vingine. Hereni za jani la mgomba lililochanwa na mvua ya mawe, mkufu wenye vichwa vya mtama. Lakini watu wananijua kwa vilima. Wananunua wafanyakazi wa ofisini, wananunua mabibi harusi, wananunua watu wanaosafiri kwenda Ulaya, na kila mmoja nilimwambia kwa mdomo wangu huu: hivi ni vilima vya Muyinga, kwa baba yangu.

Kazi nilifundishwa na mzee mmoja Mwislamu wa hapa Gitega, fundi wa pete na masufuria. Yupo mpaka leo, ila macho yamekwenda. Mdomo haujaenda. Siku ya kwanza alinitazama ninavyosukuma msumeno akasema, "We mama, uko unakata shaba ama uko unakata mkate?" Nilipomwonyesha ukanda wa kwanza akaupapasa kwa kidole gumba. "Na hii? Kilima gani iko na meno? Hii ni kilima ama ni mamba?" Nilivunja nyuzi za msumeno mpaka akazificha. Lakini alinifundisha, mwanamke, Mkristo, na umri wangu ule. Ndugu zake walimsema, akawajibu kwamba shaba haina dini.

Sasa kuhusu ngumi. Nilivuka mpaka nikiwa mgongoni mwa mama, tukikimbia mauaji, sina hata meno. Tulipelekwa upande wa Tabora, kwenye makazi ya wakimbizi. Baba alikuwa mtu wa vibarua vya mbali, akafariki mdogo wangu akiwa tumboni, kwa hiyo mambo ya nyumbani yote tuliyapata kwa mama, na mama hakuwa mtu wa maneno. Tulikuwa tukipepeta maharage, tukimsumbua atuambie kwetu kukoje, alikuwa anafunga ngumi ya mkono wa kushoto anainyanyua usawa wa macho yetu. Vifundo vya vidole ndivyo vilikuwa vilima. "Hiki kirefu, nyuma yake ndiko linakotokea jua. Hiki kimelala kama ng'ombe. Hapa pameanguka." Hapo palipoanguka ni kifundo cha kidole cha tatu, kilivunjwa na mpini wa jembe kikazama. Mama alikuwa akicheka anasema Mungu alimvunja kidole makusudi ili vilima vifanane. Tuliufuata mstari ule kwa kidole mara nyingi mpaka tukaujua kuliko sura zetu. Na kule Tabora ni tambarare, hakuna cha kulinganisha nacho. Hakuna aliyemuuliza mama, vilima hivyo ni vya wapi. Tungeuliza nini? Tulikimbia kutoka kwa baba, basi vilikuwa vya kwa baba.

Na hapa niseme ukweli, maana nimezeeka na sina wa kumwogopa. Siku tuliyorudi, nilipofika Muyinga mara ya kwanza, nilisimama kwenye uwanja wa baba nikainua ngumi. Haikufanana. Nililiona hilo. Nikajiambia mikaratusi imeota imeficha mgongo wa kilima. Nikajiambia barabara imekata. Nikajiambia labda mama aliangalia akiwa upande wa pili wa nyumba. Nikashusha mkono, nikaingia ndani kula. Baadaye nikaolewa huku Gitega, nikajifunza shaba, na nilipoanza kukata vilima nilikata vya kwenye ngumi, sikukata vya kwenye macho.

Haya. Jumanne nilifika Muyinga na bangili, imekatwa tayari, bado kupindwa. Nilitaka baba mdogo aione kwanza. Baba mdogo ni mdogo wake baba, ndiye aliyebaki pale wakati wengine tulipokimbia, na Jumamosi ndiye alikuwa msemaji wa upande wetu. Bila neno lake hakuna sherehe. Nilimkuta anapukuchua mtama. Kiswahili anakielewa lakini anasema Kirundi, mimi nayaweka hapa kwa Kiswahili.

"Umeniletea nini, Mtanzania?"

"Nimekuletea kilima chako, baba mdogo, usije ukakisahau."

Akafuta mikono, akaushika ukanda, akauzungusha. "Hiki ni cha wapi?"

"Cha hapa."

"Hapa wapi?"

"Hapa ulipokaa."

Aliinuka. Yeye kuinuka ni kazi, anaanza na mkono mmoja chini, kisha goti, kisha anapumzika, kisha lile goti lingine. Akanyoosha ukanda mbele ya macho, akatazama ng'ambo ya bonde, akatazama ukanda, akatazama bonde. Mdogo wangu alikuwa mlangoni na binti yake nyuma yake. Sote tukamsubiri.

"Si hapa," akasema. "Hivi ni vya Ryansoro, huko Gitega. Ni kwa mama yako."

"Umejuaje?"

"Nimejuaje! Ng'ombe wa mahari ya mama yako nani alimswaga? Kaka yangu alikuwa anajenga ukuta huko Gitega, fundi mwashi, kaona msichana, sisi huku tukaambiwa leteni ng'ombe. Siku nne kwa miguu. Tumekaribia kufika, mtu anaona kabisa moshi wa nyumba yao, ng'ombe akalala. Akalala hapa, chini ya hiki kilichoanguka." Akagusa pale mahali pa kidole cha tatu. "Asubuhi nzima nimekaa navitazama hivi vilima, namsihi ng'ombe, namwimbia, namtukana. Mimi nisivijue?"

Akanirudishia ukanda. Hakuwa anacheka tena.

"Nyinyi watoto wa Tanzania. Mnakuja hapa mnasema kwetu, kwetu. Na mkononi mmevaa kwa wengine."

Mdogo wangu alikuwa na bangili yangu, nilimpa miaka mingi iliyopita, haivui hata akilima. Akaivua. Hakuitupa, aliiweka juu ya kigoda polepole, na hilo liliniuma zaidi. "Watu wote hao umewaambia ni Muyinga," akasema.

"Nimewaambia."

"Na mimi nimewaonyesha watu pombeni. Tazameni kwa baba yangu. Na wazee wakatazama wakanyamaza! Kumbe walikuwa wananionea huruma."

Nilisema nitakata nyingine, nikaondoka bila kunywa hata maji, na wifi yangu, mke wa mdogo wangu, akanifuata njiani na chupa.

Jumatano nilikuwa Gitega, sikushika kazi. Nilizunguka meza. Nilikwenda kwa yule mzee fundi nikamweleza, akasema, "Iko shida gani? Mama yako alikuwa na kwao. We ulifikiri alitoka kwa mgomba?" Nikamkasirikia, nikatoka. Alhamisi asubuhi goti linauma, nikaenda Ryansoro.

Sikumjua mtu. Nyumba ya kwa mama sikujua hata ilikuwa upande gani. Nilitembea tu kandokando ya mashamba nikiinua ngumi na kuishusha kama mwehu, mpaka mwanamke mmoja aliyekuwa anapalilia maharage akasimama akaegemea jembe.

"Mama, umepotelewa na nini?"

"Natafuta mahali pa kusimama."

"Hapa hapauzwi," akasema, halafu akacheka, akaniambia nipite chini ya mihogo niangalie nisikanyage miche.

Nikapita chini ya mihogo. Nikainua ngumi, na kilima kirefu kikakaa juu ya kifundo cha kwanza. Kilicholala kikakaa. Pale palipoanguka pakaanguka. Hakuna mkaratusi uliokuwa umeficha kitu, hakuna barabara iliyokata kitu. Kifundo kwa kifundo, kama mtu aliyerudisha mfuniko kwenye sufuria yake.

Mngetegemea nilie. Nilikasirika. Nilimkasirikia mama aliyekufa, pale kwenye maharage ya watu. Ulishindwa nini kusema? Tumekaa Tabora miaka yote tunapitisha kidole juu ya mkono wako, unatuacha tupende mahali ambapo si petu, kisha turudi tuonekane wajinga. Nikaendelea hivyo mpaka hasira ikaanza kupiga hesabu yenyewe. Mama alikaa Muyinga muda gani? Alifika bibi harusi, akanizaa mimi, sijaanza hata kutambaa tukakimbia. Hata misimu miwili ya maharage haikutimia. Alikuwa bado anajifunza mlango unafungukia wapi. Alipotoka kwao hakupewa bangili, hakupewa picha, alitoka na mkono wake. Alichobeba ni kile msichana anachokibeba siku anapotolewa kwao, na hakupata muda wa kubeba kingine.

Yule mwanamke akaniuliza kama nimepaona. Nikasema nimepaona. Akanipa embe mbili bila kuniuliza zaidi.

Ijumaa nilirudi Muyinga na sanduku la kazi, na nilikuwa nimeamua. Mdogo wangu alinitolea meza nje. Baba mdogo alikuja na fimbo yake, amejiandaa kunielekeza kilima kimoja kimoja. Nikamwambia, "Samahani, baba mdogo. Anayeondoka ni huyu msichana. Achore yeye."

"Mtoto ajue nini?"

"Anajua anachokiona."

Nikamuuliza binti, ukiwa hapa nyumbani unasimama wapi zaidi? Akafikiri. Akatupeleka nyuma ya jiko, mahali anapoanika vyombo. Nikampa kaa la moto lililozimika na kipande cha gome la mgomba, bapa, nikamwambia achore anachokiona, asichokiona asikiweke. Yeye alizaliwa hapo baada ya kurudi kwetu, hana Tabora kichwani. Akachora haraka, bila kufuta. Kilima kipana, kingine nyuma yake, paa la kanisa, pengo la mikaratusi iliyokatwa. Na juu ya kilima kipana akachora kijiti kimesimama wima.

"Na huo mti?" akauliza baba mdogo.

"Si mti, babu. Ni mnara wa simu."

"Mnara hatuuweki."

"Mais, lakini babu, upo," akasema na Kifaransa chake cha shule.

"Umeletwa juzi na watu wa simu! Kabla ya hapo palikuwa na kilima, kizuri, hakina pembe."

"Mimi nimezaliwa nimeukuta. Donc, basi, ni wa kwetu."

"Mtu hazaliwi na mnara!"

"Na wewe kila Jumapili unapanda kwenda wapi kumpigia simu mjukuu wako wa Bujumbura? Si unapanda chini ya mnara?"

Wifi yangu alikimbilia jikoni kucheka. Baba mdogo hakucheka. Akagonga fimbo chini akaniambia mimi, si msichana: "Mara ya kwanza umeleta kilima cha wakwe wa kaka yangu. Sasa unataka kuleta bomba la Wazungu. Ukiliweka, kesho nakaa pale mbele, na sitasema neno." Akaenda zake.

Mdogo wangu akanitazama. "Dada, kata bila mnara. Nani atajua?"

Ningeweza. Ni kazi ndogo, kupita tu juu ya kilima bila kusimama. Na ndiyo kazi niliyokuwa nimeifanya maisha yangu yote, kukata ninachoambiwa ni kwetu. Nikakata na mnara.

Nikawa nakata, msichana amekaa mkabala, anamenya ndizi za kesho. Nyuzi za msumeno zilibaki tatu. Wa kwanza ulikatikia palepale kwenye mnara, chembamba kile kinataka pumzi ya kuzuia. Akaniuliza, "Na wewe shangazi, ungejikatia nini?"

"Nini?"

"Wewe ulikulia Tabora. Vyako ni vipi?"

Nikamwambia asogee, ananizibia mwanga. Kwa kweli niliona tambarare, na kichuguu kimoja tulichokuwa tukikipanda, nyuma ya choo chetu, kuangalia kama mama anarudi. Sikumwambia. Uzi wa pili ukakatika. Wa tatu ukanifikisha mwisho. Nikachoma, nikapinda, nikatia kwenye ndimu na chumvi mpaka weusi ukatoka, nikasugua kwa majivu. Udongo mwekundu niliuchota pale pale chini ya vyombo.

Jumamosi wakaja. Turubai, viti, mitungi ya urwarwa, pombe ya ndizi, na mirija yake, wakwe upande ule, sisi upande huu. Baba mdogo alikaa mbele na kofia yake na mdomo umefungwa kweli. Msemaji wa wakwe akasimama akafanya utani wake, kwamba wamepita tu, wamefuata ndama aliyepotea, wamesikia ameonekana kwenye boma hili. Ilikuwa zamu ya baba mdogo kujibu. Hakujibu. Akavuta mrija. Msemaji akarudia mara ya pili, akaongeza maneno, jasho likaanza kumtoka. Watu wakaanza kutazamana. Mdogo wangu alikuwa ameshika magoti yake kwa mikono miwili, na mimi nilikuwa nimeshainuka na kukaa mara tatu.

Wanawake wa ndani wakaamua msichana atoke tu. Akatoka amevaa imvutano, ile nguo inayofungwa begani na kushuka, anatembea vizuri, na alipoinua mkono kusalimia, ule mnara wa bangili ukanasa kwenye nguo begani. Akavuta, uzi ukafuata. Akabaki mbele ya watu wote mkono umegandamana na bega, hawezi kuushusha.

Mama wa bwana harusi akauliza kwa sauti, "Jamani, msichana ameshikwa na nini?"

Ilibidi mtu wa upande wetu ajibu, na msemaji wetu alikuwa mmoja. Nikaona mkono wake unakwenda chini. Kisha goti. Akapumzika. Kisha lile goti lingine.

"Ameshikwa na kilima chake," akasema baba mdogo. Akanyoosha fimbo juu ya vichwa vya wakwe, na wakwe wote wakageuka. "Kile pale, chenye mnara. Huyu ni mtoto wa pale. Baba yake ni wa pale, babu yake, kaka yangu niliyemzidi kwa kuishi tu, na yeye wa pale. Ndama wenu sijamwona. Lakini kama mmekuja kumnasua huyu, kaeni vizuri, maana tuna maneno mengi."

Watu wakapiga makofi, msemaji wa wakwe akafuta uso. Mimi tayari nilikuwa mbele, goti langu bovu chini kwenye majani, nimetoa tupa ndogo kwenye mkoba, nauachanisha uzi na shaba. Baba mdogo alikuwa ameshaanza hotuba, na nyinyi mnajua hotuba zetu. Katikati ya sentensi akainama akaninong'oneza:

"Punguza ncha tu. Mnara usiukate."

Nikaendelea kusugua ncha taratibu, unga wa shaba ukimwangukia msichana kwenye vidole vya miguu, na juu yetu baba mdogo alikuwa anawaeleza wakwe mahali kisima kilipo kwenye kile kilima.